Maua Juu ya Tangi la Tatu

2 Machi

Shajara hii nimepewa na kampuni ya mafuta. Chini ya kila ukurasa wameandika: Tuko Pamoja Safarini. Nina miaka kumi na moja kwenye kituo hiki na bado sijaambiwa tunakwenda wapi, lakini karatasi ni nzuri, haivujishi wino, basi nitaitumia.

Asubuhi redio ya ofisini ilisema serikali imechoka. Kampuni za mafuta zinapata faida ya kupindukia, alisema waziri, sasa faida hiyo itawekewa mpaka, na bei ya petroli itashushwa kabla ya katikati ya mwezi. Shemeji, ambaye ni mume wa dada yangu na pia bosi wangu, akapiga makofi. "Safi kabisa! Wametunyonya mno hawa!" Kisha makofi yakapungua, yakaisha, akabaki na mikono hewani kama mtu anayepima kitambaa.

"Shemeji," akaniuliza, "hivi sisi ni wanyonywaji au wanyonyaji?"

Nikamwambia nitaangalia gazetini. Shule niliiacha darasa la sita, lakini wateja hutuachia magazeti ya kufutia vioo vya magari, nami husoma kwanza ndipo nikafuta. Elimu yangu iko nyuma ya dunia kwa siku mbili tatu na ina matone.

3 Machi

Gazeti halisemi.

5 Machi

Wateja wote wamesikia redio. Wanakuja, wanatazama bei kwenye ubao, wanacheka, wanaweka kidogo cha kuwafikisha. Mkunga wa zahanati alileta pikipiki yake, akaweka nusu lita.

"Nusu lita, Mkunga? Hata ya kunusa haitoshi."

"Bi Fimbo, kwa nini ninunue leo kwa bei ya juzi? Nangoja waziri."

Ananiita Bi Fimbo kwa sababu ya kazi yangu. Kushika mpira wa pampu kila mtu anaweza. Kazi yangu hasa ni fimbo ya shaba yenye alama za sentimita, ambayo kila asubuhi naiteremsha kwenye midomo ya matangi yaliyofukiwa chini, naivuta, nasoma imeloa mpaka wapi. Hivyo tunajua tuna nini. Matangi ni matatu. La kwanza dizeli, la pili petroli, la tatu ni la akiba, liko nyuma ya ofisi na halijatumika miaka minne. Shemeji hajui kusoma fimbo. Anasema macho yake hayapendi alama ndogo.

10 Machi

Bei imeshuka. Nilipanda ngazi nikabadilisha namba kwenye ubao, na watu watatu chini wakanipigia vigelegele kama vile mimi ndiye niliyetunga sheria. Sikukataa.

12 Machi

Kampuni za mafuta zimekwenda mahakamani. Wanasema kwa bei hii wanapata hasara. Waziri anasema wanapata faida. Kwenye picha wote wamevaa suti nzuri, kwa hiyo picha haikunisaidia.

Dereva wa lori la mafuta ametuambia zamu yake ijayo hajui lini. "Huko bohari wamekunja mikono, wanasubiri hukumu." Shemeji alishika tama siku nzima. Sasa nimeelewa kinachomtisha, na nikiandike nisije nikamcheka bure. Kituo hiki kilinunuliwa kwa cherehani sita za dada. Aliziuza zote, na chumba cha ushonaji akakiacha. Leseni ina jina la shemeji, lakini jasho ni la dada. Kikifungwa, dada anarudi kushona kwenye mlango wa mtu. Mimi sina pa kurudi, maana fimbo hii haitakiwi penginepo.

14 Machi

Lori lilikuja. Moja tu. Shemeji akaamuru tangi la pili lijazwe kidogo na lililobaki lote liingie tangi la tatu. Halafu akanivuta pembeni.

"Mahakama itawapa ushindi kampuni. Bei itapaa. Sisi tutakuwa tumenunua chini na tunauza juu."

"Na wakaguzi? Redio imesema anayeficha mafuta anafungiwa."

"Wataliona vipi? Tangi liko ardhini."

Tangi liko ardhini, lakini mdomo wake uko juu. Una ukingo wa saruji wa kimo cha kiganja na kifuniko kizito cha chuma, chekundu, kinachoonekana kutoka barabarani. Shemeji alitaka kuegesha juu yake gari bovu. Nikamwambia mkaguzi yeyote mwenye akili huanza kwa kuchungulia chini ya gari bovu. "Weka maua," nikasema. Wazo la maua ni langu, na ninaliandika hapa kwa fahari.

Akachukua nyundo akavunja ukingo ili pasawazike. Miaka yote hii nilidhani ukingo ule kazi yake ni kujikwaa. Kifuniko cha chuma hakikukaa tena, akaweka ubao, juu ya ubao karatasi ya nailoni, juu yake udongo, na juu ya udongo vyungu tisa vya maua kutoka barazani kwa dada. Mimi nilisukuma toroli. Imependeza. Ukisimama getini utadhani tunauza maua na petroli ni kazi ya ziada.

Kipimo kabla ya kufunika: sentimita 142.

17 Machi

Tangi la pili limekauka. Nimetundika kibao cha HAKUNA.

18 Machi

Mvua.

19 Machi

Mvua. Waziri amesema upungufu ni wa kutengenezwa. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa vizuri kabisa.

21 Machi

Mkunga alikuja anakokota pikipiki. Koti lake la mvua limepasuka begani.

"Bi Fimbo, hata nusu lita ile yangu ya kuchekwa?"

"Hakuna, Mkunga. Soma kibao."

"Kibao nimekisoma. Nakuuliza wewe."

"Hakuna."

Akanitazama kidogo, akatazama maua. "Angalau mna maua," akasema, akaondoka. Sijui kwa nini niliandika hapo juu neno fahari.

24 Machi

Shemeji alitaka kujua hali ya tangi. Tukasogeza chungu cha katikati, nikafunua nailoni, nikateremsha fimbo chini ya mwavuli. 145.

Nikarudia. 145. Nikafuta fimbo kwa shati langu, nikarudia tena. 145. Hakuna lori lililokuja. Hakuna tone lililouzwa wala kununuliwa. Mafuta yameongezeka sentimita tatu yakiwa peke yake gizani.

"Ulikosea siku ile," akasema shemeji.

"Sikukosea."

"Basi yamevimba. Mafuta huvimba."

"Kwa joto, shemeji. Sisi tuna baridi."

"Basi baridi imeyashtua."



25 Machi

Mvua kubwa.

27 Machi

147.

Shemeji sasa ana maelezo mapya: dereva wa lori alikosea akatumiminia zaidi, ila yalikuwa yamejificha pembeni ya tangi na sasa yanajisawazisha. Nikamuuliza mafuta hujifichaje. Akasema, "Wewe umesoma magazeti, mimi nimesoma biashara."

Redio: serikali itatoza kodi ya ziada juu ya faida ya ziada. Kampuni zimesema kodi hiyo itaongeza bei. Waziri amesema kodi hiyo itapunguza bei. Nimechora mishale kwenye karatasi, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka, ikakutana katikati ikawa msalaba. Nikaiacha.

29 Machi

Mvua ya mawe. 149.

Dada alikuja na chakula cha mchana na kukuta mumewe anapiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu Februari. "Mke wangu," akamwambia, "tangi linajijaza lenyewe." Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, kweli?" Nikasema fimbo inasema hivyo. Dada akakaa kwenye kiti, akaanza kutaja vitu: bati la jikoni, cherehani moja, hata mbili. Alitaja polepole, kama mtu anayeonja.

Nilitaka kusema jambo. Kuna dawa ya kupaka kwenye ncha ya fimbo, ambayo ikigusa maji hubadilika rangi na kuwa nyekundu. Yetu iliisha mwaka jana. Nikamwomba shemeji tununue nyingine.

"Dawa ya nini?"

"Ya kuangalia maji."

Mluzi ukakatika. "Shemeji, tafadhali. Usinitie mkosi mbele ya dada yako."

Dada bado alikuwa anahesabu bati. Nikapakua chakula.

30 Machi

Nimekaa na neno hilo tangu jana, basi niliandike liishe: maji. Petroli ni nyepesi, hukaa juu. Maji ni mazito, huenda chini na kuisukuma petroli juu, na fimbo yangu inalowa tu, haijui imelowa nini. Ukingo ule haukuwa wa kujikwaa. Ulikuwa wa kuzuia mvua. Na maua yanamwagiliwa na Mungu kila siku, yakishiba, maji yanapita kwenda chini.

Lakini sina dawa, kwa hiyo sina hakika, na bila hakika nani anataka kumnyang'anya dada yake bati? Hivi ndivyo nilivyojiambia. Nimeisoma tena sentensi hii, haisimami vizuri.

3 Aprili

Mkaguzi amekuja. Mtu mwembamba, viatu vya mpira, kalamu sikioni. Niliteremsha fimbo tangi la pili mbele yake, ikatoka kavu. Akaandika. Akazunguka nyuma ya ofisi. Shemeji akazunguka naye huku akizungumzia hali ya hewa kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyasikia.

Mkaguzi akasimama mbele ya vyungu. Akainama, akanusa.

"Maua haya yananuka petroli."

"Kila kitu hapa kinanuka petroli," nikasema. "Hata uji wangu."

Akacheka, akaenda zake. Sijui kama ni mjinga, au ni mjanja, au amechoka tu. Nimebadilisha mawazo mara tatu kabla ya chai.

6 Aprili

152. Shemeji ameanza kuongea na vyungu.

8 Aprili

Mkunga amepita kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Hakusimama. Nikamkimbilia nikamuuliza kulikoni.

"Nimetoka ng'ambo ya bonde. Mama alianza uchungu alfajiri, mimi nikafika adhuhuri. Mtoto alishapokelewa na jirani, kwa mikono ya kukandia unga. Mama alikuwa amevuja damu sana."

"Yupo?"

"Yupo. Ila nimemkuta mweupe kama karatasi." Akavaa kiatu kimoja, akakitazama kingine. "Kwa pikipiki ni dakika ishirini, Bi Fimbo."

Nilitaka kusema pole.  Nimerudi ofisini, shemeji akanionyesha kwenye kikokotoo faida ya sentimita kumi. Nikamtazama vizuri. Mwezi mzima nimemwandika humu kama mtu wa kuchekesha. Ana hofu, tena ya mtu ambaye kila jioni anarudi nyumbani kwa mwenye cherehani sita. Mimi sina hofu hiyo. Mimi nilikuwa na wazo zuri la maua tu.

12 Aprili

Hukumu. Mahakama imesimamisha bei ya serikali mpaka kesi isikilizwe. Waziri amesema huo ni ushindi. Kampuni zimesema huo ni ushindi. Bei inapanda kesho asubuhi. Shemeji amenikumbatia, halafu akakumbuka mimi ni shemeji yake akaukumbatia mlango.

13 Aprili

Nimefika kabla ya jua. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye kona, maana jana jioni shemeji alishusha kibao cha HAKUNA na kuwaambia watu wawili, na watu wawili wanatosha. Wa kwanza kabisa alikuwa Mkunga, amekalia pikipiki yake kama mtu aliyelala hapo.

Nikaenda moja kwa moja nyuma ya ofisi. Nilikuwa na chupa ndogo ya kioo, kamba, na jiwe. Nikafunga jiwe ubavuni mwa chupa ili ilale, na kizibo nikakifunga kwa uzi wake peke yake. Nikaiteremsha mpaka ikagonga sakafu ya tangi, nikavuta uzi, kizibo kikachomoka. Chupa ikajaa kule kule chini. Nikaipandisha.

Ilikuwa maji. Juu, shingoni, palikuwa na petroli upana wa kidole kimoja, rangi ya chai hafifu, na kati yake na maji kulikuwa na mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Chini kabisa tope kidogo, na jani moja la ua.

Nikaiweka juu ya meza ofisini. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe. Dada naye alikuwepo, alikuja kuona siku yenyewe.

"Nini hiki?" akauliza dada.

"Ni sentimita zetu kumi."

Shemeji alikaa.   Halafu akasema, kwa sauti ndogo, bila kutazama chupa: "Juu kuna petroli nyingi. Nyingi mno. Tuuze."

"Pampu haivuti juu. Inavuta chini. Wa kwanza atapata hiki." Nikagonga chupa kwa ukucha.

"Wachache wa mwanzo. Tukiulizwa, injini zao ni mbovu. Nani ana injini nzima mji huu?"

"Wa kwanza ni Mkunga."

Dada akainuka. Nilidhani anaenda kumshika mumewe bega. Akachukua ile chupa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akalitazama lile jani.

"Hili ni ua langu," akasema. "La chungu cha bluu." Kisha akanigeukia mimi, si mumewe. "Tangu lini unajua?"

"Hakika, tangu leo."

"Sijauliza hakika."

"Tangu tarehe ishirini na tisa."

"Nilikuwa naezeka bati mbele yako," akasema. "Ukanitazama tu." Akanirudishia chupa. "Nenda kawaambie. Wewe ndiye uliyewaambia hakuna, wanakujua."

Nikatoka. Mkunga alikuwa ameshafungua kifuniko cha tangi la pikipiki.

"Hakuna," nikasema.

Foleni ikalipuka. Mkunga hakupaza sauti. Alielekeza kidole nyuma ya ofisi, ambako vyungu tisa vilikuwa pembeni na ubao umefunuliwa.

"Yalipokuwepo uliniambia hakuna. Leo umeyafukua, unaniambia hakuna. Bi Fimbo, nikuamini siku gani?"

Chupa ilikuwa mkononi. Nikaiweka juu ya pampu namba nne, mahali ambapo jua lilikuwa limeanza kufika. Mstari ukaonekana hata kwa wa nyuma. Watu wakasogea. Mmoja akauliza, "Petroli ni ipi?" Nikamwonyesha kidole kile cha juu. Mwingine akaanza kucheka, halafu akaacha.

Mkunga akafunga kifuniko cha pikipiki yake taratibu.

"Ulijua."

"Nilijua yapo, Mkunga, siku ile ya koti. Na maua ni wazo langu."

 Akaiondoa pikipiki kwenye foleni na kuikokota mpaka barabarani. Bila yeye, foleni nayo ikavunjika.

Mkaguzi alifika saa nne. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo, akainama, akanusa, akaandika. Shemeji akasema, "Nimeficha mimi," kabla hajaulizwa. Sikutegemea. Nikasema maua ni yangu. Mkaguzi akasema kwenye fomu yake hakuna mahali pa maua.

14 Aprili

Kimefungwa.

19 Aprili

Mvua. Shemeji anajenga ukingo upya kwa mikono yake. Amekataa fundi. Umepinda upande mmoja, lakini ameuinua viganja viwili.

26 Aprili

Lori la kunyonya lilikuja, mkaguzi amesimama juu yake. Walitoa maji kwanza, mengi, ya rangi ya ajabu, kisha wakapima petroli iliyobaki. Amri: iuzwe yote, kwa bei ile ya chini ya Machi, mkaguzi akiwepo, na leseni ihamie kwa dada. Hivyo serikali imefaulu kuweka mpaka kwenye faida ya mtu mmoja, na kazi kubwa ilifanywa na mvua. Zile kampuni sijui. Kesi imeahirishwa.

2 Mei

Tumefungua. Dada ndiye bosi. Kitu cha kwanza alichonunua ni kopo la dawa ya fimbo, cha pili hakuna. Haongei nami sana. Jana alisema, "Chai ipo," nami nimeihesabu kama hotuba.

3 Mei

Redio: bei inashuka tena, au itashuka, au ilikuwa imeshuka. Namba za ubao nimezishusha chini ya ngazi, zikae karibu.

5 Mei

Mvua imeisha. Jua kali, ardhi inatoa mvuke.

Siku hizi hakuna anayekubali mpira wa pampu uingie kwenye tangi lake kabla hajaona fimbo. Kila asubuhi wanasimama kuzunguka ukingo wa shemeji uliopinda, nami napaka dawa mbele yao, nateremsha, navuta, na kusoma kwa sauti. Mtu wa redio anasema bilioni, hakuna anayegeuka. Mimi nikisema sentimita, kunakuwa kimya.

Leo Mkunga amekuja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Amesimama nyuma ya wote, koti begani limeshonwa. Ule ushonaji naufahamu, ni wa dada.

Nikavuta fimbo. "Sitini na moja," nikasema. "Maji hakuna."

Wengine wakarudi kwenye magari yao. Mkunga akapita kati yao, akaishika fimbo chini ya mkono wangu, akaivuta karibu na macho yake, akainama, akasoma mwenyewe.